Mufalme Mutakatifu Ludoviko: Je, Dawa za Leo Zingalimuponyesha?

Parokia inayofanya yubile leo inabeba jina la mufalme aliyekufa kwa kuhara. Vitabu vya zamani viliandika kwamba ni tauni, nasi katika mafundisho tulikosa pamoja navyo.

Jina lilitujia kwa njia ya Kartago. Kule ndiko mufalme alikofia, na kule Kardinali Lavigerie alimujengea kanisa kubwa, lililobarikiwa mwaka wa 1890. Mapadri Weupe, wana wake, walikuwa wamekwisha kufika Tanganika. Na Kapiteni Joubert aliita makao yake ya Mrumbi Saint-Louis.

Mufalme alishuka karibu na Tunisi mwezi wa Julai 1270, wakati wa jua kali, na maji mazuri yalikuwa machache. Mwana wake Jean Tristan alikufa tarehe 3 Agosti, yeye mwenyewe tarehe 25, akiwa na miaka 56. Tangu Ufaransa alikuwa dhaifu: rafiki yake Jean de Joinville aliandika ginsi alivyomubeba mikononi, kwani hakuweza hata kupanda farasi. Mwaka wa 2019 wachunguzi walitazama mufupa wa taya lake unaotunzwa Paris, wakaona alama za kiseyeye, ugonjwa wa fizi unaotokana na kukosa matunda na mboga.

Basi jibu letu ni ndiyo, angaliweza kupona, tena bila mashine kubwa. Litri moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vidonge vya kuua mikrobu ambayo Shiga wa Japani aliigundua mwaka wa 1897, na machungwa. Mufalme wa Ufaransa yote hakupata kile ambacho mama wa kijiji anaweza kumupa mutoto wake.

Lakini tukumbuke Goma, Julai 1994. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda. Maji yale ya chumvi na sukari yalikuwa yamekwisha kuokoa watu wengi katika makambi ya wakimbizi wa Bengali mwaka wa 1971. Pale Goma, juu ya mawe ya volkano, vyoo havikuchimbika, na maji safi yalichelewa.

Vijana wetu wanauliza: kama angalipona, angaliitwa mutakatifu? Hatuoni kwamba kuhara kulimuongezea utakatifu. Alijenga Paris nyumba ya vipofu 300. Na mwaka wa 1250, kule Misri, alipougua ugonjwa uleule, watu wake walimusihi apande mashua ajiokoe. Alikataa kuacha jeshi lake, ambamo wengi walikuwa wagonjwa, na hivi akakamatwa pamoja nao.