Wazi si huria

Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja uwazi miongoni mwa maadili ya taifa. Julai 2011 serikali ikazindua tovuti ya takwimu huria. Tangu hapo wazi na huria hutajwa kama pacha, na hilo linatuponza. Bajeti ya kaunti iliyochapwa, ikagongwa muhuri, ikapigwa picha na kuwekwa mtandaoni, iko wazi: mwenye macho ataisoma. Ila ukitaka kujumlisha fedha za zahanati zote, utanakili tarakimu moja moja kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Takwimu huria ni jedwali ambalo kompyuta inalisoma, na yeyote ana ruhusa ya kulichambua na kulisambaza.

Wanakijiji wa Tanzania hudai wasomewe mapato na matumizi. Nalipenda mno dai hilo, maana linataja kitu chenyewe. Anayeombwa “uwazi” aweza kujibu kwa hotuba. Sheria ya Kupata Habari ya Kenya ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu ombi. Basi katika barua yako taja jedwali, taja mwaka, na uandike kwamba hutaki picha.