Tyaga: kuacha matunda, si kuacha kazi

Tukisikia Mhindu ameipa dunia kisogo, wengi wetu humfikiria mzee wa nguo za rangi ya machungwa anayeomba chakula. Huyo yupo. Ni sanyasi, aliyefika hatua ya nne na ya mwisho ya maisha, baada ya uanafunzi, unyumba na kujitenga mwituni.

Lakini Bhagavad Gita, kitabu chao cha sura 18, chamtazama mtu mwenye majukumu. Arjuna, mpiganaji, aona jamaa zake upande wa pili wa vita, atupa upinde. Heri kuomba kuliko kuwaua. Krishna, mwendesha gari lake la farasi, amkatalia. Sura ya mwisho yatenga mawili: sanyasa ni kuacha vitendo vya tamaa, tyaga ni kuacha kudai matunda ya vitendo vyote. Sadaka ya motoni, kutoa na kujinyima haviachwi. Kinachoachwa ni kungojea malipo. Na hapo ndipo pagumu: mwituni hukimbilika, ila kulea mtoto bila kumdai kesho, nani awezaye?

Gandhi aliita tafsiri yake ya Gita kwa Kigujarati Anasaktiyoga, njia ya kutoshikamana. Ilitoka 1930, mwaka uleule alioongoza watu kwa miguu hadi Dandi kuokota chumvi.