Chungu Kitoacho Umeme



Sisi tuliolelewa na jiko la mkaa tunakumbuka joto lake likipotea bure jikoni, huku redio ya baba imenyamaza kwa kukosa betri. Hatukujua kwamba joto hilo lenyewe laweza kutoa umeme.

Siri hiyo ilianza kufichuka Berlin mwaka 1821. Thomas Seebeck aliunga shaba na bismathi, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani ni usumaku tu; kumbe umeme ulikuwa unapita. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kutokana na utafiti wa Abram Ioffe wa Leningrad, Wasovieti walizivika taa za mafuta vifaa vya namna hiyo, zikaendesha redio vijijini. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo vya Voyager vikitumia umeme utokanao na joto la plutoniamu.

Tatizo lilikuwa gharama. Teluri, inayotumika sana katika kazi hii, ni adimu, na michanganyiko yake huharibika katika moto mkali. Kauri zilipuuzwa kwa kuwa nyingi hupitisha umeme kwa shida. Ndipo mwaka 1997 Ichiro Terasaki na wenzake, Japani, walipoonyesha kwamba oksaidi ya sodiamu na kobalti hupitisha umeme kama metali, na bado hutoa volti ya kutosha pakiwa na tofauti ya joto. Ikafuata oksaidi ya kalsiamu na kobalti, inayostahimili moto mkali hewani.

Kuitengeneza ni karibu na kazi ya mfinyanzi: unga wa kalsiamu kaboneti, ndugu ya chokaa, husagwa pamoja na oksaidi ya kobalti, ukakandamizwa, ukachomwa tanurini katika hewa ya kawaida. Nisiwadanganye: ni sehemu ndogo tu ya joto inayogeuka umeme, na kobalti yenyewe si rahisi.

Lakini kobalti hiyo yatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi na Likasi, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili, ambao wengi wao wangali wanapikia makaa. Jiwe ni lao, chokaa ipo, na ufinyanzi ni urithi wetu wa kale. Kinachopungua ni karakana na wataalamu. Kama una kijana asomaye fizikia au kemia huku ughaibuni, mpe habari hii aisome.