Kwa nini darubini inageuza Mwezi juu chini?

Karibu kila mtu niliyemwonyesha Mwezi kwa darubini yangu ameuliza swali lilelile: mbona uko kichwa chini? Wengine hudhani chombo kimeharibika. Hakijaharibika. Huo ni uamuzi wa zaidi ya miaka 400 iliyopita, na kwa maoni yangu ulikuwa wa busara.

Darubini aliyotumia Galileo mwaka 1609 haikugeuza chochote. Mbele ilikuwa na lenzi iliyovimba katikati, na upande wa jicho lenzi iliyobonyea. Picha ilisimama wima, lakini sehemu ya anga iliyoonekana ilikuwa finyu mno. Kwa ile yake ya kukuza mara 20, hakuweza kuuona Mwezi wote kwa pamoja.

Mwaka 1611 Johannes Kepler alichapisha kitabu chake Dioptrice, akapendekeza lenzi ya jicho nayo iwe ya kuvimba. Hapo miale hupishana ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye jicho, ndipo juu ikawa chini na kushoto kukawa kulia. Faida yake? Anga pana zaidi. Tena, pale miale inapokutana unaweza kuweka nyuzi nyembamba za kupimia, nazo zikaonekana wazi pamoja na nyota. Mwingereza William Gascoigne alifanya hivyo kabla ya kufa vitani mwaka 1644. Kwangu mimi hapo ndipo darubini ilipogeuka kutoka chombo cha kutazamia na kuwa chombo cha kupimia.

Kepler mwenyewe alionyesha kwamba lenzi ya tatu ingeirudisha picha wima. Baharia aliihitaji, maana meli ina juu na chini. Mnajimu aliona hasara tu: kila lenzi ya ziada hula mwanga. Nyota haina kichwa wala miguu.

Newton naye, mwaka 1668, alitumia vioo viwili. Hapa waandishi wa programu mtafurahi: hesabu vioo. Vikiwa shufwa, picha imezungushwa tu, kwa hiyo zungusha ramani yako nayo italingana. Vikiwa witiri, kama kile kioo cha kona kinachowekwa nyuma ya darubini ya lenzi ili usivunje shingo, kushoto na kulia vimebadilishana, na hata uizungushe ramani vipi haitalingana. Kwenye Stellarium bonyeza Ctrl+Shift+H. (Sisi wa karibu na ikweta, Mwezi ukichomoza hulala ubavu hata bila darubini, basi hiyo "juu" ya ramani za Ulaya isikusumbue.)

Kwa vizazi vingi ramani za Mwezi zilichapishwa kusini ikiwa juu, zifanane na kilichoonekana kwenye lenzi. Mashariki ya Mwezi nayo ilihesabiwa kwa kufuata mashariki ya anga letu. Safari za angani zilipokaribia, mwaka 1961 Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliamua mwelekeo uwe ule wa mtu aliyesimama juu ya Mwezi wenyewe. Mashariki na magharibi vikabadilishana, ila majina hayakuguswa. Mare Orientale, yaani Bahari ya Mashariki, iliyopewa jina hilo na Julius Franz mwaka 1906, sasa iko ukingo wa magharibi. Ni kama ile "Referer" ya HTTP, iliyokosa herufi moja kwenye RFC 1945 ya mwaka 1996 na ambayo bado tunaiandika hivyohivyo.