Maji ya Bia, Maji ya Kahawa

Mwanamke wa Gitega, Burundi, anayepika impeke, pombe ya mtama, huyajua maji yake kwa madumu: ameteka mangapi, amepanda kilima mara ngapi. Shingo yake ndiyo mita. Kiwanda hakina shingo, ndiyo maana kimechelewa kujifunza kuhesabu.

Kampuni ya bia ya Brarudi ilianza Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1955, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Baadaye ikapata kiwanda cha pili Gitega. Leo mwenye hisa nyingi ni Heineken, na zilizobaki ni za serikali. Ukishika chupa ya Primus, bia yake, utadhani maji ya bia ni hayo yaliyomo ndani. Wapi! Mengi hayafiki kinywani mwa mtu. Yanaosha chupa zilizorudi kutoka baa, yanasafisha matangi na mabomba, yanageuka mvuke kwenye boila. Kwa hiyo wapika bia wa viwandani hujipima kwa swali moja: lita ngapi za maji kwa lita moja ya bia? Kwa Heineken nzima duniani, wastani ulikuwa takriban lita 5 mwaka 2008, ukashuka hadi 3.5 mwaka 2018, na lengo la mwaka 2030 ni 2.9. Mto umenufaika, lakini mhasibu naye kanufaika: maji ya kiwandani husukumwa, hupashwa moto, kisha husafishwa kabla ya kumwagwa, na kila hatua ina bili yake.

Muyinga, kaskazini-mashariki, kiwanda cha kuosha kahawa ni kitu kingine kabisa. Kipo bondeni kando ya kijito: mashine ya kumenya, matangi ya saruji, mifereji, na meza ndefu za kuanikia. Viwanda vya kuosha kahawa vilienea nchini katika miaka ya 1980 kwa mikopo ya Benki ya Dunia, kwa kuwa kahawa iliyooshwa vyema ina soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikawa mikononi mwa kampuni za SOGESTAL, ya Kirimiro kwa upande wa Gitega na ya Kirundo-Muyinga huku. Mwaka 2009 ubinafsishaji ukaanza kuzaa matunda kidogo: kampuni ya Webcor ilinunua viwanda 13 kati ya 117 vilivyotangazwa kuuzwa. Wakati wote huo ubishi ulikuwa wa bei ya kilo kwa mkulima. Maji hayakuwa na bei, basi nani angeyabishania?

Nayo yanatumika kweli. Kahawa mbivu humenywa kwa maji, huachwa ivunde hadi ute ulegee, huoshwa mferejini, halafu huko Burundi hulowekwa tena kwa saa nyingi. Kwa mashine za zamani, bila kurudisha maji, kilo moja ya kahawa mbivu hula lita 10 hadi 20. Mashine mpya zinazobana maji hutumia chini ya lita moja. Yanayotoka ni machachu, yamejaa sukari ya ganda, na yakiingia kijitoni yanamaliza hewa ya samaki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2000 na Kanuni ya Maji ya mwaka 2012 zimeyagusa mambo haya.

Mwaka 2002 Mholanzi Arjen Hoekstra alileta wazo la kuhesabu maji yote yaliyopita katika bidhaa, tangu shambani. Kikombe kimoja cha kahawa kikatajwa kuwa na lita 140. Tarakimu hiyo imezunguka dunia, nami naiona inapotosha kidogo. Karibu yote ni mvua iliyonyesha juu ya mibuni. Maji ya kuoshea ni tone tu ndani ya hesabu hiyo, ila tone hilo lote linachotwa katika kijito kimoja, kwa miezi michache tangu Machi, na kahawa ya mwisho huoshwa kiangazi kikishaanza, kijito kikiwa kimekonda. Wastani hauna kijito. Mama anayeteka maji chini ya kiwanda anacho.

Vijito vingi vya Gitega na vya Muyinga huishia Ruvubu, mto unaovuka mpaka kuingia Tanzania na kukutana na Kagera juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo. Pale kuna bwawa la umeme la megawati 80, zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Maji yaliyoosha chupa na yaliyomenya kahawa yanapita pamoja kwenye mitambo, na hapo kila nchi inajua fungu lake.