Kamera, magurudumu mawili na Usain Bolt

Semina zimetubana hapa chuoni mpaka kulala ni anasa, lakini wiki hii nimekutana na historia isiyo ya wafalme wala vita. Ni historia ya mtu anayepiga picha za video huku anakwenda. Naiandika sasa kwa sababu bonanza letu la michezo limekaribia, na kuna jamaa zangu wa kamera wanataka kufukuzana na wakimbiaji wakiwa juu ya kigari cha magurudumu mawili. Jamani, someni hii kwanza.

Zamani, ukitaka kamera ya sinema itembee bila kutikisika, ulilaza reli ukaisukuma juu yake. Ukiibeba begani, picha inaruka kila unapokanyaga. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Garrett Brown akaja na Steadicam. Mpiga picha anavaa fulana ngumu; kwenye fulana kuna mkono wa springi; mkono unabeba nguzo yenye kamera, betri na kioo kidogo cha kutazamia. Mtikisiko wa miguu unaishia kwenye springi. Katika filamu ya Bound for Glory (1976) Brown alishushwa na kreni, akakanyaga ardhi na kuendelea kutembea katikati ya watu, picha ni ileile moja haijakatwa. Mwaka huohuo watu wakaiona kazi ya chombo hicho kwenye Rocky, zile ngazi za Philadelphia.

Sasa hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa. Macho ya mpiga picha yako kwenye kile kioo, si njiani. Ndiyo maana wenye kazi yao huwa na msaidizi anayekaa karibu, mkono mgongoni mwa mwenzake, anamwambia: ngazi hiyo, taratibu, simama.

Tarehe 3 Desemba 2001 Dean Kamen akaionyesha dunia Segway. Ukiegemea mbele kinakwenda, ukiegemea nyuma kinapunguza mwendo, na kinafika kama kilomita 20 kwa saa. Kwa wapiga picha ilikuwa neema: hakuna hatua za miguu kabisa. Vikatengenezwa hata vya kuongozwa kwa mwili tu, ili mikono yote ibaki kwenye kamera.

Ila tuelewane kinavyosimama. Umewahi kusimamisha mpini wa ufagio kiganjani? Ukiinamia mbele, unakimbiza mkono mbele. Segway inafanya hivyohivyo kwa gairoskopu, kompyuta na mota: inakimbiza magurudumu yarudi chini yako. Maana yake, magurudumu yakikwama, au mota zikikosa nguvu, hakuna kinachokushikilia. Septemba 2003 kampuni iliviita virudi vigari karibu 6,000, vyote vilivyokuwa vimeuzwa, kwa sababu betri ikiwa chini baadhi ya watu walianguka.

Halafu ikaja Beijing, tarehe 27 Agosti 2015, mashindano yaleyale ya dunia ambayo Kenya iliongoza jedwali la medali kwa dhahabu 7. Usain Bolt ametoka kushinda mita 200 kwa sekunde 19.55, anatembea akipungia watazamaji. Nyuma yake yuko mpiga picha wa televisheni juu ya Segway. Gurudumu likagonga reli iliyokuwa pembeni mwa njia. Kigari kikaruka, kikampiga Bolt miguuni kwa nyuma, wote wawili chini! Bolt akainuka na michubuko, baadaye akatania kwamba Justin Gatlin ndiye aliyemlipa yule jamaa. Siku mbili baadaye akashinda tena, 4x100.

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini fikiria ile ni miguu ya nani, na ingevunjika tungekuwa tunasimulia nini leo. Yule mpiga picha naye alianguka na mzigo wake, na sioni uzembe hapo. Alikuwa anafanya kazi aliyotumwa, macho kwenye picha. Kwa maoni yangu kilichokosekana ni mtu wa kumtazamia njia, na nafasi ya kutosha kati yake na Bolt.

Kwa hiyo wadau wa bonanza, hata kama mna simu na kishikio chake tu: pitieni njia kwa miguu kabla, ondoeni nyaya na mawe. Betri ijae. Vaeni helmeti. Awepo mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia njia na kupiga kelele, basi. Na msimfuate kwa karibu mtu aliyewapa mgongo, kwa sababu yeye hawezi kukwepa asichokiona.

Segway yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 2020, lakini ndugu zake wadogo wa magurudumu wako kibao. Haya, narudi kwenye vitabu. Mnasemaje?