Kiti cha Sebuleni

Litazame kwanza neno "kiti". Ndani yake limo neno "mti", maana kiti asili yake ni kipande cha mti tu, kilichochongwa ili mwanadamu apate kupumzika. Wenzake wawili walikuja kutoka mbali. Kochi tulilipata kwa Waingereza, na sofa asili yake ni Kiarabu, ambako lilikuwa jina la mahali palipoinuliwa pakatandikwa mazulia na mito. Basi ukiingia leo katika nyumba ya Mau Narok ukakuta kigoda jikoni na sofa ya vipande sebuleni, umekuta safari kadhaa za historia zimekutana chini ya paa moja. Yafaa tuzifuate, kwani siku moja utaulizwa sofa ipi inunuliwe na iwekwe wapi, na swali hilo si dogo kama watu wanavyolidhania.

Kigoda ndicho cha zamani. Kilichongwa kwa gogo moja, bila msumari wala gundi, na mara nyingi kilikuwa na miguu mitatu. Hapo pana elimu ya hesabu: miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa ya udongo wenye mabonde, lakini mguu wa nne ukiongezwa, sakafu haina budi kusawazishwa. Mzee alikuwa na kigoda chake, akakichukua mwenyewe hadi mahali pa mashauri, na mtoto hakuthubutu kukikalia. Huko pwani, Lamu na Unguja, matajiri walikuwa na kiti cha enzi, cha mbao nyeusi iliyonakshiwa kwa pembe za ndovu na kusukwa kwa kamba nyembamba. Kilikuwa kirefu, kimenyooka, na nadhani hakikumstarehesha mtu hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kumtukuza mgeni wa heshima.

Kwetu bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa kwa mkataba wa Serikali ya kikoloni, na mkataba wa pili, wa mwaka 1911, ukawaondoa Laikipia pia. Nchi ya juu yenye baridi, ifaayo ngano, shayiri na pareto, ikatengwa kwa walowezi wa Kizungu. Katika nyumba zao makochi yalizunguka meko ya mawe, na mtumishi Mwafrika aliyeyapangusa vumbi kila asubuhi hakuyakalia. Je, ni ajabu kwamba baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mtu aliyepata fedha kidogo alitamani makochi kabla ya mambo mengine mengi? Aliyanunua, na mama wa nyumba akayavika vitambaa vya kufuma kwa mkono, kimoja mgongoni, viwili kwenye mikono. Vijana siku hizi huvicheka vitambaa hivyo. Mimi sivicheki; vililinda kitu kilichongojewa muda mrefu.

Sofa ya vipande ina umri mdogo. Katika miaka ya 1940 Mmarekani Harvey Probber alianza kubuni viti vya maumbo mbalimbali, vya kona na visivyo na mikono, ambavyo mwenye nyumba aliweza kuviunganisha apendavyo. Mwaka 1970 Mwitalia Mario Bellini akatoa sofa iitwayo Camaleonda, ambayo vipande vyake hushikana kwa nyaya, ndoano na pete. Leo mafundi wa jua kali wa Nakuru huunda sofa za namna hiyo kwa mbao, sponji na kitambaa.

Faida ya vipande sisi wa Bonde la Ufa tunaifahamu kwa uchungu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwang'oa watu zaidi ya laki tano makwao, na Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi. Malori yalipita yamerundikwa magodoro, mabati na makochi. Aliyepata lori aliokoa kiti chake, asiyepata alikiacha.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Pima chumba, kisha pima mlango, maana wako waliolipia sofa ikalala uani. Tandaza magazeti sakafuni kwa kipimo cha kila kipande, utembee kati yake, uone kama mtu aliyebeba sinia la chai atapita bila kuinama. Keti juu ya sofa muda mrefu, si dakika moja, na ukibonyeza sponji uangalie kama yarudi upesi. Pindua kipande uone vishikizo vyake. Vikiwa hafifu, sofa itaachana katikati kila mtu anapoketi. Mau Narok iko juu ya mita 2,500, na asubuhi ngozi ya bandia huwa baridi kama jiwe la mtoni. Kitambaa kizito ni bora, chenye rangi isiyoogopa tope, na foronya zivulike zifuliwe.

Jambo ninalolishikilia zaidi ni kimo. Sofa nyingi za sasa ni za chini na zenye kina kirefu. Kijana huzipenda, lakini bibi akizama humo hanyanyuki mpaka ashikwe mikono mbele ya wageni. Tumetoka kwenye kigoda kilichomheshimu mzee tukafika kwenye starehe inayomwaibisha! Basi agiza kipande kimoja kiwe kirefu zaidi, chenye mikono ya kushikia, ukiweke karibu na moto pasipo upepo wa mlango. Kipande kimoja kisicho na mikono kiache huru, kisogezwe mgeni ajapo. Ama kona, usimpe mgeni, kwa kuwa magoti ya watu wawili hugongana hapo. Mwachie mtoto mwenye kitabu.